Kalcha ya Mguu wa Mama

Bosi wetu mpya ana neno lake. Kila Jumatatu asubuhi anatukusanya kwenye chumba cha mikutano, anakunja mikono ya shati, anatuambia kwamba ofisi yetu haina kalcha. Kuchelewa ni kukosa kalcha. Kunywa chai mezani ni kukosa kalcha. Hivi karibuni akatuletea mtaalamu kutoka Dar aje atujengee hiyo kalcha kutwa nzima, na wakati wa mapumziko, badala ya chapati na maharage tuliyoyazoea, wakapitisha sahani ya jibini iliyokatwa vipande vidogovidogo, kila kipande kimechomwa kijiti. Neno na harufu vikanifikia kwa pamoja. Nilitoka mbio nikatapika kwenye maua ya ofisi, mtu mzima, kitambulisho kinaning'inia shingoni.

Wenzangu wakadhani nina mimba. Nikawaacha wadhani, kwa sababu mimba inaelezeka. Hili jingine ningeanzia wapi? Mimi ni mtu wa kinyaa, sikatai. Mume wangu hunitania kwamba ningezaliwa nzi ningekufa njaa. Siwezi kunywa maziwa yaliyoshikana hata kidogo, siwezi kushika nyama mbichi bila kugeuza uso, na nikisikia mtu anasema kalcha, kwa maana yoyote ile, mate yananijaa mdomoni. Ninyi wa rika langu mliolelewa kule milimani mtanielewa mkisikia habari zenyewe.

Mama alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha maziwa, kando ya barabara ya kwenda Irente. Kukiita kiwanda ni kukipandisha cheo. Kilikuwa vyumba vitatu na banda la nguruwe nyuma. Wageni waliokuja kusimama kwenye jabali na kutazama nyika iliyo chini walipita hapo kununua jibini na jemu, na jibini hiyo aliipika mama yangu na wanawake wenzake wawili, wamevaa kofia nyeupe na mabuti ya mpira. Jioni Mama aliingia nyumbani na harufu yake. Alioga, akajipaka mafuta, akabadili kanga, na harufu ikabaki palepale, kama ya soksi iliyolowa mvua ikasahaulika kwenye begi la shule. Nilikuwa nampenda Mama, na nilikuwa nambusu huku nimeziba pumzi.

Neno kalcha nililijua kwanza kutoka kwake. Alikuwa akimsimulia Baba mambo ya kazini: leo kalcha ilichelewa kuamka, leo kalcha imekufa, mapipa yote tumewapa nguruwe. Niliposikia kwamba kitu kinaamka na kufa nikataka kukiona. Likizo moja akanichukua. Alifungua friji ya kiwandani, akatoa kipakiti kidogo cha karatasi inayong'aa, akanionyesha bila kunipa.

"Hii ndiyo kalcha," akasema. "Ukiitia kwenye maziwa ya vuguvugu inaamka, inakula, inazaana. Wakishakuwa wengi, maziwa yanaganda."

"Wako hai?"

"Wako hai, ila wamelala. Usiwapumulie."

Kisha akanionyesha rafu ambako mabonge ya jibini yalikuwa yamepangwa, mengine yameota ukungu wa kijani kama mkate wa wiki jana, na yeye anayageuza kwa mikono mitupu, anayapapasa kama watoto wachanga. Nilitoka pale nikiwa nimekata shauri. Kuanzia siku hiyo sikuonja tena jibini, wala mtindi, na chai niliitaka ya rangi. Nilikuwa najua kilichomo.

Halafu shuleni, mwalimu wa Kiingereza akaandika ubaoni neno jipya, akalitamka kwa pozi, akaandika maana yake: utamaduni. Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Mwalimu, kalcha ziko kwenye friji ya kazini kwa mama. Zinalala." Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu mwenyewe akacheka hadi akafuta macho, akasema mama yangu ni mtani sana, kalcha ni ngoma, ni mavazi, ni mila na desturi zetu Wasambaa. Na kilimo je, akauliza mwenzangu aliyekuwa anakijua kidogo Kiingereza cha vitabuni, mbona agrikalcha nayo ina kalcha mwishoni? Mwalimu akasema hiyo ni habari nyingine, fungueni ukurasa unaofuata.

Nikabaki na dukuduku langu. Nilianza kukiona Kiingereza kama nyumba ya wageni yenye taulo moja: neno lilelile kila mtu anajifutia, wa kwanza uso, wa pili miguu, wa tatu Mungu anajua nini, na wewe unapewa limelowa.

Mtu aliyelitumia neno hilo kuliko wote alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu. Ndiye aliyeachiwa boma la babu, nyumba ya pili baada ya kona, akiishi na mkewe na Bibi, mama yao. Kazi yake ilikuwa kupokea wageni waliokuja kutembea milimani. Alikuwa amejenga kijumba cha msonge pale uani, kimeezekwa nyasi vizuri kabisa, ambacho hapakuwa na kiumbe aliyepata kulala ndani yake. Alijaza humo vibuyu, mikuki na ngozi ya mbuzi aliyoinunua sokoni Lushoto mjini. Bibi alikalishwa mlangoni na kinu. Wageni wakitokeza tu, Baba Mkubwa anamkonyeza, na Bibi anaanza kutwanga.

"Unatwanga nini, Bibi?" nilimwuliza siku moja, maana kinu kilikuwa kitupu.

"Upepo," akanijibu. "Baba yako mkubwa anasema Wazungu wanaupenda."

Kiingereza cha Baba Mkubwa kilikuwa cha maneno machache yanayofanya kazi kwa zamu, na kalcha ndilo lililokuwa halipati likizo. Kinu kalcha, kibuyu kalcha, mama yake mzazi kalcha. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alipenda kutuambia wageni wakishaondoka, akiwa ameshiba. Alikuwa mcheshi, watu walimpenda. Mimi nilikuwa naangalia ukucha wake. Aliufuga ukucha wa kidole cha mwisho, mrefu, wa manjano, akautumia kuchokoa sikio, na ukucha huohuo akautumia kuchoma nyama iliyoko jikoni kuona kama imeiva. Halafu anaulamba. Nikila kwao nilikuwa nameza bila kutafuna, na nilikuwa sioni aibu kumchukia kwa hilo peke yake.

Siku moja Mama akaungua kazini. Walikuwa wanaosha vyombo kwa maji ya moto, sufuria ikateleza, maji yakamwagika na kuingia ndani ya buti. Buti la mpira likijaa maji ya moto halivuliki haraka. Walipofanikiwa kulivua, soksi ilitoka na ngozi. Wenzake wakampaka asali, nyumbani akapaka dawa ya meno, kesho yake akarudi kazini akichechemea kwa kuwa Mama alikuwa hajui kulala mchana. Baada ya siku chache mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye goti, na kile kilichokuwa malengelenge kikawa kidonda chenye utando wa kijani pembeni na maji yanayotoka katikati.

Baba alikuwa safarini, amepanda na lori la kabichi kwenda Tanga. Nililala na Mama kitanda kimoja, chini ya blanketi moja, na hapo ndipo nilipoigundua ile harufu. Ilikuwa ileile. Harufu ya kiwandani, lakini sasa haitoki kwenye kanga wala nywele, inatoka chini, mguuni, inapanda pole pole kila akijigeuza. Nikaelewa, kwa akili yangu ya darasa la tano, kwamba kalcha imemwingia. Ilikuwamo kwenye buti, imekutana na damu ya vuguvugu, imeamka, inakula, inazaana. Mguu wa Mama ulikuwa unaganda. Nilikaa nikiuwazia utakavyokuwa ukishakamilika, mweupe, mgumu, umewekwa rafuni. Nikashuka kitandani nikalala sakafuni kwenye gunia.

Baba aliporudi alimtazama mara moja tu, akaita bodaboda. Hospitali walimpokea, wakamsafisha, wakamwekea dripu. Nesi wa wodi ile alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, mkali kwa wanaokuja kutazama wagonjwa na mpole kwa wagonjwa wenyewe. Tulikuwa tunaenda kumwona Mama kila nikitoka shule, na kila siku mguu ulikuwa vilevile au mbaya zaidi.

Mchana mmoja Baba Mkubwa naye alikuja, amebeba chupa ya uji. Akanipa mimi niishike. Baba akamwuliza nesi mbona dawa hazifanyi kazi.

"Hizi za mwanzo hazimkubali," nesi akasema huku anafunga bandeji. "Tumeshachukua usaha. Sasa tunasubiri kalcha."

Baba Mkubwa akanyanyua kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake. "Mnasubiri nini, sista?"

"Kalcha, baba. Bila kalcha tunabahatisha tu. Ikija, ndiyo tutajua cha kumpa."

Akamshika nesi mikono yote miwili akamshukuru. Nesi akashangaa kidogo, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Baba Mkubwa akamvuta Baba hadi ukumbini, nami nyuma yao na chupa yangu ya uji.

"Umesikia kwa masikio yako?" akasema. "Mtu wa sindano, msomi, amesema mwenyewe. Dawa hazimkubali mpaka kalcha ifanyike. Nimekuambia tangu lini?"

"Kaka, sidhani kama sista alikuwa na maana..."

"Wewe Kiingereza umekijulia wapi, kwenye kabichi? Hilo neno ni langu, linanilisha kila siku. Kalcha ni mila. Huyu umemtoa Mtae, ukamwingiza kwenye ukoo bila mbuzi, bila tambiko, bila kumwonyesha kwa wazee waliolala. Ukoo haumjui. Ndiyo maana mwili unakataa dawa."

"Tulifunga ndoa kanisani, kaka. Na wewe ulikuwepo."

"Kanisani ni kanisani. Mguu ni mguu."

Baba yangu alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa namna inayonichefua mpaka leo. Hakuwahi kumkatalia mkubwa wake jambo. Akikuna kichwa jua ameshakubali. Alikikuna. Nami nilisimama pale nikiwa na kalcha tatu kichwani, ya friji, ya ubaoni na ya kijumba cha nyasi, sijui nesi amesema ipi. Hakuna aliyeniuliza, na kwetu mtoto hachomekei maneno katikati ya wakubwa. Hospitali wakaambiwa mgonjwa anahamishiwa kwa ndugu Korogwe. Nesi alipinga kwa sauti, akasema majibu yako njiani, akaandika namba ya simu ya Baba kwenye kiganja chake. Jioni ile Mama alikuwa amelazwa ndani ya msonge wa wageni, juu ya ile ngozi ya mbuzi iliyonunuliwa sokoni.

Tambiko lilifanyika Jumamosi. Nasema tambiko kwa kukosa neno jingine. Mbuzi alichinjwa, pombe ya miwa ikaletwa, majirani wachache wakaja kwa sababu ya nyama. Baba Mkubwa alivaa shuka jekundu ambalo nilikuwa sijaliona likivaliwa na Msambaa yeyote. Alikuwa na wageni wawili siku hiyo, mwanamume na mwanamke wenye fimbo za kutembelea, aliowaahidi tangu juzi yake kuwaonyesha boma. Hakuwaahirisha. Aliwaleta hadi mlangoni, akawaweka mahali wanapoona vizuri.

Nitalisema nililoliona ili nimalize. Alilipasua tumbo la mbuzi, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa yale majani yaliyokwisha kutafunwa na kulowa humo ndani, ya kijani, ya moto, yanayotoa mvuke kwenye baridi ya asubuhi. Ule ukucha ulikuwa umejaa. Akaifungua bandeji ya hospitali, nyeupe, safi, akaitupa chini mbwa akaichukua. Akaujaza mguu wa Mama yale majani ya tumboni, akayashindilia kidondani kwa kiganja, na Mama akapiga kelele ambayo mpaka leo nikiwa peke yangu huwa naisikia. Nzi walikuja kana kwamba walialikwa. Yule mgeni wa kike alijifunika pua kwa skafu, machozi yanamtoka.

Bibi aliacha mchi. "Haya umeyatoa wapi?" akamwuliza mwanawe.

"Ni ya wazee, mama."

"Wazee gani? Mimi nimeingia kwenye boma hili baba yako ndevu hazijamjaa. Nimeona matambiko ya mvua, nimeona ya vifo. Sijapata kuona mtu anatiwa mavi ya mbuzi kwenye kidonda." Akatema mate, si pembeni, mbele yake kabisa.

Baba Mkubwa hakubabaika. Aliwageukia wageni wake, akatabasamu, akawatafsiria: mama yangu anambariki mgonjwa.

Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha kulielewa hilo. Niliona wale wageni wakimwinamia Bibi vichwa kwa heshima.

Homa ilipanda. Mama akaanza kuzungumza na watu wa Mtae ambao hawakuwepo, akimwita dada yake amletee maji kutoka bondeni. Majani yalikauka juu ya mguu yakafanya ganda, na chini ya ganda kulikuwa na kitu kinachotembea. Baba Mkubwa akasema hiyo ni dalili njema, kalcha imeanza kushika. Nakumbuka nilijisemea kwamba angalau sasa sisi wawili tunazungumzia kalcha moja.

Tulikuwa tumekaa nje ya msonge, mimi, Baba na Bibi, simu ya Baba ilipolia. Alikuwa na kile kisimu cha tochi chenye sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Alikuwa yule nesi.

"Baba, majibu ya kalcha yametoka. Huko Korogwe mgonjwa yuko hospitali gani niwatumie?"

Baba akasimama kwa adabu, kama vile nesi anamwona. "Ahsante sista. Kalcha imeshafanyika."

"Imefanyika wapi?"

"Hapa nyumbani. Tulishafanya Jumamosi."

"Mmefanyaje, baba?"

"Tumeshachinja, sista."

Kisha sauti ya nesi ikaja pole pole, neno moja moja. "Mmechinja nini?"

"Mbuzi."

Sijui alishusha pumzi au alilia. Akamweleza Baba, kwa Kiswahili ambacho hata mbwa angekielewa, kwamba kalcha ni kuchukua ule usaha, kuuweka kwenye kisahani maabara, kuusubiri uote, ili wadudu wake wajulikane na dawa ya kuwaua ijulikane. Kwamba wadudu wameshajulikana. Kwamba dawa ipo, iko kabatini, inamsubiri mgonjwa. "Mlete sasa hivi," akasema. "Hata ukimbeba mgongoni."

Baba alikaa chini kwenye udongo. Bibi akamtazama, akamwambia kwa Kisambaa neno moja tu, la kumwambia mtu ainuke. Akainuka. Hakwenda kumwuliza kaka yake. Alisimamisha pikapu ya kabichi iliyokuwa inapita, wakapunguza magunia, wakamlaza Mama juu ya majani ya kabichi, nasi tukapanda.

Wodini nesi aliliondoa lile ganda, na hata yeye aligeuza shingo. Daktari alikuja, akabonyeza vidole vya mguu, vilikuwa vyeusi na vinabaki vimebonyea. Akasema dawa sasa itauokoa mwili, mguu haiuwezi tena. Wakaukata chini ya goti.

Mama alipozinduka na homa imeshuka, alikuwa mtulivu kuliko sisi sote. Nesi alimvuta Baba pembeni akamwuliza jambo ambalo kumbe huulizwa kila mara: mguu mtauchukua, au tuuteketeze? Kwetu mtu hatupwi kipandekipande. Kitovu cha mtoto huzikwa, na ardhi kilipozikwa ndipo kwao. Hiyo ndiyo mila, ile yenyewe, isiyotwangiwa wageni.

"Tutauchukua," Baba akasema. "Nitauzika kwetu, kwenye migomba."

"Hapana," Mama akasema kitandani. Midomo ilikuwa imekauka, nikamlowesha kwa pamba. "Upelekeni kwa shemeji."

"Mke wangu, pumzika kwanza."

"Shemeji alisema ukoo haunijui. Basi naingia. Anizike pale kwenye msonge wake, mlangoni. Mwambie nimesema hivyo mimi mke wa mdogo wake, na umwambie mama yenu akiwa anasikia."

Tuliuleta kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, umefungwa kwa kitenge chake cha buluu. Nilikaa na ndoo katikati ya magoti njia nzima, naizuia isiyumbe kwenye kona. Mtu wa kinyaa mimi. Nilingoja nisikie kichefuchefu na hakikuja. Ulikuwa mguu wa Mama, ulionipeleka kliniki nikiwa mgongoni, na nilikuwa nauona mwepesi mno kwa kazi zote ulizofanya.

Baba Mkubwa alipoambiwa, alicheka kwanza. Kisha akaona hatucheki. Akasema mlangoni haiwezekani, hapo ni pa wageni, tuupeleke makaburini au hata kule kwenye miti ya miwati. Bibi akatoka ndani na jembe. Akamwekea mkononi.

"Wewe ndiye mwenye mila," akamwambia. "Chimba."

Nani anamkatalia mama yake, mbele ya majirani, ruhusa ya kuzika mwili wa mke wa ukoo kwenye ardhi ya ukoo, baada ya kuhubiri ukoo maisha yake yote? Alichimba. Mfuniko ulipofunguliwa, mtu huyu aliyeingiza mkono tumboni mwa mbuzi akiwa anatabasamu alirudi nyuma, akashika nguzo ya msonge, akatapika juu ya viatu vyake. Nilisimama nikamtazama hadi akamaliza. Kinyaa changu chote, cha jibini, cha mtindi, cha nzi na cha ukucha, kilimwendea yeye siku ile, na sijawahi kukidai kirudi. Baba alichukua kitenge kwa mikono yake miwili akakishusha mwenyewe.

Mama alipona. Ana mguu wa bandia anaousema kama mfanyakazi mvivu, na ule wa kweli anauvalisha kiatu cha ngozi kwa sababu anasema umebaki yatima. Kiwandani hakurudi. Alifungua genge la mboga, akanisomesha. Bibi alifariki, tukamzika makaburini kwa heshima zake. Baba Mkubwa amezeeka na bado anapokea wageni, maana hajui kazi nyingine. Msonge haukuhamishwa, na pale mlangoni pana kilima kidogo, si kirefu kuliko mkono wa mtu, kimezungushiwa mawe. Kila anayetaka kuingia kuona vibuyu lazima akipitie kando.

Krismasi iliyopita tulikusanyika pale bomani, ukoo mzima. Mama alikuwa kwenye benchi anamenya viazi, mguu wa bandia ameuvua, ameuegemeza ukutani upumzike. Wakaja wageni vijana watatu, na Baba Mkubwa akainuka kwa fimbo yake kwenda kuwapokea. Alianza na kinu, akaja kibuyu. Msichana mmoja akasimama mlangoni, akatazama chini, akauliza kwa sauti ya huruma kama hilo ni kaburi la mtoto.

Baba Mkubwa akageuka kumtazama Mama.

"Anasemaje?" Mama akauliza bila kuacha kumenya.

"Anauliza," Baba Mkubwa akasema, "hapa amezikwa nani."

Mama akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kanga. Wageni wakamwona sasa vizuri, na macho yao yalipofika sketi inakoishia, yule msichana akaweka mkono mdomoni. Baba Mkubwa alikuwa anatazama mawe.

"Mwambie, shemeji," Mama akasema. "Kiingereza si unacho?"